Uzoefu wangu wa kushushiwa gari: springi nzuri, mkuu wa gereji mwenye kiburi

Naandika haya nikiwa bado nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Gari langu ni Volkswagen Golf ya kizazi cha pili, kile kilichotoka mwaka 1983 na kuendelea hadi 1992. Miezi kadhaa iliyopita nililipeleka kwenye gereji inayojinadi kuwa bingwa wa kushusha magari, ili wanibadilishie springi na shokapu zote nne, walishushe bodi lake karibu zaidi na barabara kwa milimita 35 hivi, na, kwa kuwa gari ni la umri mkubwa, waweke pia bushi mpya kwenye mikono ya chini ya magurudumu ya mbele, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu hayo na bodi. Ugumu wa springi na aina ya shokapu sitavieleza. Mwenye haja navyo atavikuta vimeandikwa kwenye boksi. Nitaeleza habari ya boli chache tu, zile zinazoshikilia bushi hizo, na namna zilivyokazwa mbele ya macho yangu.

Bushi ya mkono wa chini haifanyi kazi kama beringi. Ni mpira ulioshikamanishwa na chuma: sehemu ya nje imeshindiliwa ndani ya mkono, na bomba la ndani hubanwa na boli hadi lisiweze kuzunguka kabisa. Gurudumu linapopanda na kushuka, hakuna kinachoteleza mahali popote. Mpira wenyewe ndio unaojisokota kidogo na kurudi. Maana yake ni kwamba hali ya mkono wakati boli linakazwa ndiyo hali ambayo mpira utaihesabu kuwa ya mapumziko. Ukilikaza boli huku gari limeinuliwa na magurudumu yananing'inia, mpira utapumzika katika hali ya kuning'inia, na siku zote zitakazofuata, hata gari likiwa limeegeshwa usiku kucha, utakuwa umesokotwa. Gari lililoshushwa ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu mkono wake huwa na safari ndefu zaidi kutoka kuning'inia hadi pale unapofanyia kazi. Ndiyo maana boli hizi hutakiwa kubanwa kidogo tu kwanza, gari likashushwa likasimama kwa uzito wake, kisha ndipo zikazwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ni jambo la dakika chache, na kila anayejiita fundi wa sasipensheni anapaswa kulijua kabla ya kushika spana.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari wa njano, mahali wateja tunaporuhusiwa, nikamwona kijana wa gereji akizikaza moja baada ya nyingine kwa mashine ya upepo, gari likiwa juu ya lifti ya nguzo mbili na magurudumu ya mbele yakiwa hewani. Nilimwita kwa adabu, nikamwuliza kama hataki kusubiri hadi gari liwe chini. Kijana, na hili nalisema kwa haki yake, alinisikiliza, akainama akaitazama bushi, akaanza kugeuza swichi ya mashine ili alegeze. Pembeni, umbali wa hatua chache, palikuwa na lifti nyingine ya nguzo nne, ile ambayo gari hupanda na kusimama juu ya magurudumu yake yenyewe, nayo ilikuwa tupu. Gari langu lingehamishiwa pale na jambo lingeishia hapo.

Ndipo mkuu wa gereji akatoka ofisini. Hakumwuliza kijana kulikuwa na nini, wala hakunisalimu. Alisema, kwa sauti ya kutosha wateja wote kusikia, "Bwana, kazi yako ni kuendesha. Kufunga tuachie sisi." Kisha akaichukua mashine mikononi mwa kijana, akairudisha swichi upande wa kukaza, akaiweka juu ya boli ambalo tayari lilikuwa limekazwa, akabonyeza tena huku akinitazama mimi. Nimewahi kujibiwa vibaya madukani na ofisini, lakini sikumbuki siku nyingine ambapo mtu aliharibu mali yangu kwa makusudi ya kunionyesha kwamba ana ruhusa ya kuiharibu.

Nilipokabidhiwa funguo, gari halikuwa limeshuka kama tulivyokubaliana. Nyuma lilikuwa limekaa vizuri, lakini mbele lilikuwa limeinua pua, hali inayolifanya gari dogo lionekane kana kwamba limebeba magunia. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba springi mpya zitakaa zenyewe. Kinachoniudhi katika jibu hilo ni kwamba lina chembe ya ukweli, kwa sababu springi mpya hushuka kidogo baada ya kutumika, na mtu asiyejua angerudi nyumbani akasubiri kwa subira. Lakini springi zangu hazikuwa na kosa. Mpira uliosokotwa ulikuwa unasukuma mikono kuelekea chini na kulibeba gari pamoja na springi, mzigo ambao haukuwa kazi yake. Mbaya zaidi, walipiga alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, siku hiyo hiyo, katika kimo hicho cha uongo, wakanipa karatasi yenye vipimo vyote vya kijani. Katika gari hili kemba ya mbele, yaani namna gurudumu linavyoinamia ndani au nje, hurekebishwa kwenye boli zinazounganisha mguu wa shokapu na kitovu cha gurudumu, na uelekeo wa magurudumu hurekebishwa kwenye tairodi, zile fimbo za usukani zinazoyageuza magurudumu. Vyote hubadilika kimo kinapobadilika. Vipimo vinavyopigwa kabla gari halijafika kimo chake ni kazi bure, na mimi kazi hiyo bure niliilipia.

Sasa niseme jambo linaloivuruga hasira yangu. Hata likiwa limefungwa hivyo, gari lilikuwa tamu. Katika kona ndefu ambayo zamani lilikuwa likilala upande mmoja na kunilazimisha kuushika usukani kwa nguvu, sasa lilikaa, likafuata, likatoka upande wa pili bila kuyumba. Breki zikikanyagwa, pua haikuzama tena. Niliendesha kwa furaha ya kitoto wiki za mwanzo, na kama mtu angeniomba tathmini wakati ule ningempa nyota nne na kuzisahau zile boli. Sina budi kukiri, hata hivyo, kwamba shokapu nilizozitoa zilikuwa zimekufa siku nyingi, na sehemu kubwa ya furaha ile ingepatikana kwa shokapu mpya za kawaida bila kulishusha gari hata kidogo. Watu wengi huvisifu vifaa vya kushushia gari kwa sifa ambazo ni za shokapu nzima tu.

Mkuu yule, kwa bahati mbaya yake, alikuwa pia amenishauri nishuke zaidi, milimita 60, kwa hoja kwamba 35 ni "kazi ya waoga". Mguu wa MacPherson, yaani springi na shokapu zilizofungwa pamoja kuwa mguu mmoja, ambao ndio ulio mbele ya gari hili na ya hachibaki nyingi za rika lake, hauko hivyo. Mikono ya chini ikishashushwa ikapita usawa na kuelekea juu upande wa gurudumu, kitovu ambacho bodi hulala kukizunguka hushuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka, na umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka. Matokeo yake ni gari lililo chini kwa macho lakini lenye hamu kubwa zaidi ya kulala kwenye kona, ambalo huhitaji springi ngumu zaidi ili kuficha tatizo lililoletwa na kushusha kwenyewe. Tairodi nazo huanza kutembea kwa pembe isiyolingana na ya mikono, na kila shimo linageuza magurudumu kidogo bila idhini ya dereva. Nilimweleza kwa kifupi. Alicheka. Pengine hapo ndipo uhusiano wetu ulipoharibika, kabla hata ya boli.

Mlio ulianza baada ya muda usio mrefu. Kwanza ulikuwa mkwaruzo wa mpira kwenye matuta, upande wa kulia, kisha pande zote mbili, kisha ukaja mgongano mzito kila nilipotoka kwenye breki na kukanyaga mafuta. Usukani nao ulianza kuwa na uvivu wa kurudi katikati baada ya kona. Nilirudi gereji nikiwa mtulivu kuliko ninavyoandika sasa. Mkuu alitikisa gurudumu mara moja, akasema bushi zimechanika kwa sababu barabara ni mbovu na gari ni la zamani. Bushi alizonifungia zilikuwa mpya, amezitoa kwenye rafu yake mwenyewe, na zilichanika kabla hata vumbi la kazi halijatoka kwenye kapeti. Alikuwa tayari kuniuzia nyingine. Alikuwa tayari pia, alisema, kuzifunga "kama kawaida yetu".

Gari nililipeleka kwa fundi mwingine, mzee asiye na bango wala picha za magari yaliyolala ukutani. Hakutoa hotuba. Alilipandisha gari kwenye ngazi za chuma, likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, akajilaza chini, akalegeza boli za mikono. Ulisikika mkwaruzo mfupi wa mpira ukijifungua, na pua ya gari ikashuka mbele yangu kwa unene wa kidole. Kimo nilichokuwa nimekilipia kilikuwepo muda wote, kimezuiwa na boli. Mzee aliyaangalia matao ya magurudumu, akaniangalia mimi, akasema, "Walikaza likiwa juu." Sikuhitaji kumweleza chochote. Aliweka bushi mpya, akayasukuma magurudumu mbele na nyuma ili kila kitu kikae, akakaza kwa spana ya torki, akapiga alaimenti upya. Tangu hapo usukani unarudi wenyewe, mlio haupo, na pua inalingana na mkia.

Kisha akaniita nyuma ya gari kuniuliza kama kuna mtu aliyeigusa vali ya breki. Gari langu lina vali ya kugawa nguvu za breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa springi ndogo. Kazi yake ni kuhisi mzigo: abiria na mizigo wakiingia, bodi hushuka kuelekea ekseli, na vali huruhusu shinikizo zaidi kwenda breki za nyuma, kwa kuwa sasa magurudumu hayo yana uzito wa kuyashikilia barabarani. Bodi ikishushwa kwa springi fupi, vali hudanganyika ikadhani gari limejaa wakati mna dereva peke yake, na breki za nyuma hupewa nguvu zisizostahili. Katika mvua, kwenye breki ya ghafla, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga kabla ya yale ya mbele, na gari likazunguka. Ya kwangu haikuwa imeguswa. Mzee aliirekebisha bila kelele, akarekebisha pia mwanga wa taa za mbele ili ulingane na mkao mpya, jambo ambalo nalo halikuwa limefikiriwa na yeyote katika gereji ile ya mabingwa.

Kwa hiyo tathmini yangu imenisumbua kuiandika. Springi na shokapu zenyewe ni nzuri, na ningezinunua tena bila kusita. Gereji niliipa moyoni nyota mbili, moja kwa ajili ya kijana aliyekuwa tayari kusikiliza na nyingine kwa sababu kazi ya nyuma ilikuwa safi na hakuna boli la gurudumu lililokutwa limelegea. Nilipofikiria ile vali niliondoa moja, kwani boli za bushi ziliniharibia fedha tu, ilhali vali ingeweza kuniua mimi na aliyekuwa nyuma yangu. Kisha nikairudisha, nikijiambia kwamba huenda mkuu hakujua, na kutojua kunatibika.

Juzi akanipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba nalalamika, akasema kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake kwamba nilirudishe gari, watafungua na kukaza upya kila kitu bila malipo, ili mambo yaishe. Nilimwambia kazi imeshafanywa kwingine, lakini kwa udadisi nikamwuliza: kama ningelileta, zile boli za mikono angezikaza gari likiwa limesimama chini? Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba hilo lingetegemea lifti ipi itakuwa na nafasi siku hiyo.

Nyota zote mbili nimezifuta.