Nimeshusha Toyota Altezza kwa springi za Tein hapa Mbeya, miezi kumi barabarani

Nianze na vipimo maana watu wanasema gari "imeshuka kinoma" au "imeshuka kidogo" na hapo mtu haelewi kitu. Kabla ya kufunga nilichukua futikamba nikapima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, mbele ilikuwa sentimita 37, nyuma 37 na nusu. Baada ya kufunga na kuiendesha wiki mbili springi zikakaa sawa, mbele ikasoma 33 na nusu, nyuma 34 na nusu. Kwa hiyo mbele imeshuka tatu na nusu, nyuma tatu. Ukiiangalia pembeni ule uwazi juu ya tairi umepungua, gari inaonekana imekaa, haijalala. Nilichotaka ndicho hicho.

Gari ni Altezza ya 2001, injini 1G silinda sita, gia manyuo, rimu 17 na tairi 215/45. Hii gari kule Ulaya na Marekani iliuzwa kama Lexus na ilichukua tuzo ya gari bora ya mwaka Japani ilipotoka 1998, na ina wishiboni mbili mbele mpaka nyuma, yaani kila tairi imeshikwa na amu ya juu na ya chini, kwa hiyo msingi wake ni mzuri sana, ila yangu ilikuwa na springi zilezile za kiwandani zaidi ya miaka ishirini, na kila nikishuka Tukuyu kwenye zile kona za baada ya Isyonje bodi inainama mpaka abiria anashika mlango. Nimekaa na hilo jambo miaka mitatu ndo nikasema basi.

Kitu cha kwanza nilichoambiwa mtaani ni "lete tukate". Hapa Mbeya ukimwambia fundi unataka gari ishuke wengi wanakimbilia grenda, wanakata mzunguko mmoja wa springi, wengine wanaichoma na gesi mpaka inalegea inakaa yenyewe. Naombeni sana msifanye hivyo. Springi ya kushushia gari imetengenezwa fupi na pia ngumu kuliko ya kiwandani, na huo ugumu una kazi yake, gari ikishuka nafasi ya shokapu (ile inayotuliza springi isirukeruke) kusogea inapungua, sasa springi inabidi ikatae mapema kabla hujagonga mwisho. Ukikata ile ya kiwandani ugumu unaongezeka kidogo tu, haulingani na nafasi uliyopoteza, na mwisho wake uliokatwa haukai vizuri kwenye sahani yake, ukiruka tuta springi inalegea inajizungusha. Ya kuchoma ndo mbaya zaidi, moto unaua chuma, leo imeshuka tatu mwezi ujao imeshuka sita upande mmoja.

Springi zangu ni Tein zile za kijani, kampuni ya Yokohama, wapo kwenye hii kazi toka 1985. Mpya bei ilinishinda nikachukua mtumba wa Japani Ilala kule Dar, 350,000 pea zote mbili, zikaja kwa basi nikazipokea stendi ya Nanenane. Muuzaji wa kwanza alinitumia picha nne nzuri kabisa nikakaribia kulipa, halafu nikamwambia anipigie picha ya namba zilizoandikwa kwenye springi, kumbe mbili za mbele ni za Altezza na za nyuma ni za gari nyingine kabisa. Kwa hiyo ukinunua mtumba dai namba kwenye zote nne, za mbele zifanane na za nyuma zifanane, halafu angalia mizunguko ya chini kama rangi imebanduka na kutu imeshakula chuma. Kutu ya juujuu haina shida. Kutu iliyochimba, achana nayo, hapo ndipo springi inapokatikia.

Sasa kufunga, hapa ndo nataka tuelewane maana ndipo nilipoteseka.

Fundi wa kwanza, simtaji, gereji yake haipo mbali na kwangu, alifunga kwa masaa matatu, 80,000. Alikuwa na kompresa ya springi, kile kifaa cha kuibana, hapo nilifurahi maana wapo wanaobana kwa kamba na mungu wao. Gari ikashuka, nikaenda zangu. Siku ya tatu tu nikikata kona naingia kwangu Isanga nasikia "kong" upande wa kushoto mbele. Wiki ya pili kila tuta inalia kama mlango wa zamani. Nikamrudia, akasema ndo kawaida ya gari zilizoshushwa, utazoea. Sikuzoea, na hakuna cha kawaida hapo.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Iyunga ambaye kazi yake kubwa ni magari madogo ya Toyota. Aliinyanyua, akachungulia na tochi, hakuwasha hata redio yake, akaniita niinamie pale chini. "Mdogo wangu, angalia huku. Huu mkia wa springi una kitanda chake, yule kauacha nje. Hiyo ndo kong yako." Kweli, mwisho wa springi haukuwa kwenye ule mfereji wake, ulikuwa umepanda juu kama sentimita moja. Halafu akanionyesha bushi za amu za chini. "Na hizi alizikaza gari ikiwa inaning'inia?" Nikamwambia ndiyo mzee, ilikuwa juu ya jeki. Akatikisa kichwa.

Alivyonielezea ni hivi, bushi ni raba iliyogandishwa kati ya vyuma viwili, haizunguki, inajisokota tu amu inapopanda na kushuka. Ukikaza bolti wakati tairi inaning'inia hewani, hapo raba inahesabu kwamba kuning'inia ndo kupumzika. Ukiishusha gari chini amu inapanda na raba inakuwa imejisokota muda wote, hata ukiwa umepaki, na kwenye gari iliyoshushwa inajisokota zaidi maana amu imepanda zaidi ya zamani. Ndo maana inalia, na baadae inachanika. Zangu mbili zilikuwa zimeshaanza kuchanika ndani ya wiki mbili na nusu, na zilikuwa nzima kabisa kabla.

Mzee akabadilisha hizo mbili, akakalisha springi vizuri, akafunga bolti zote kwa mkono bila kukaza, akashusha gari juu ya mbao nne nene ili tairi zibebe uzito wote na yeye apate nafasi ya kuingia chini, akaitikisa mbele na nyuma mara kadhaa, ndo akaanza kukaza moja moja. Kazi ya siku nzima, 60,000 bila bushi. Nilimpa na ya maji nikamwambia ndaga fijo mzee, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka. Toka siku hiyo hakuna kong, hakuna kulia, miezi kumi sasa. Springi ni zilezile na gari ni ileile, kilichobadilika ni mikono na ile hatua moja ya kukazia chini. Ukienda kwa fundi yeyote muulize tu bolti za bushi anakaza lini. Akikwambia "juu ya jeki", chukua gari yako.

Alaimenti, yaani kupanga tairi zikae na mwelekeo sawa, nilifanya baada ya kazi ya mzee, springi zikiwa zimeshakaa, ya kompyuta, 35,000. Usiiruke. Gari ikishuka kwenye wishiboni sehemu ya juu ya tairi inaingia ndani kidogo na mwelekeo wa tairi unabadilika, usiporekebisha tairi inaliwa upande wa ndani ambao huuoni mpaka siku unaona waya. Na mwambie akurekebishie taa za mbele pia, yangu ilishuka mbele kuliko nyuma taa zikawa zinamulika karibu, na ukungu wa Isyonje usiku sio wa kuchezea.

Shokapu nazo zina habari yake. Mwanzo niliacha za zamani, nilijidanganya kwamba zinatosha. Springi ngumu na shokapu iliyochoka ni kitu kibaya, springi inarudi kwa nguvu na hakuna wa kuizuia, nilikuwa naenda Igurusi kwa 80 gari inarukaruka baada ya kila kibonde kama mbili tatu hivi kabla ya kutulia. Nikajibana nikanunua Kayaba, zile zinazotengenezwa kufanya kazi na springi fupi, zote nne 560,000. Ndio, zimenila kuliko springi zenyewe, na kama ningerudi nyuma ningenunua hizo kwanza na springi ningesubiri, maana nimelipia ufundi wa kufungua na kufunga mara mbili.

Inaendaje sasa? Uyole kwenda Tukuyu ndo barabara niliyoijengea hii gari moyoni. Kupanda toka Uyole, kupita Isyonje, halafu ule mteremko wa kona kona mpaka Kiwira na migomba pande zote. Zamani nikiingia kona gari inainama kwanza, inasubiri, ndo inageuka. Sasa ukizungusha usukani pua inafuata hapohapo. Ukikanyaga breki nyuma ya lori la viazi pua haizami kama zamani. Unahisi tairi zinafanya nini, na nimegundua naendesha kwa utulivu zaidi, sikimbii zaidi, kwa sababu sipigani na gari. Nilipofika Tukuyu mara ya kwanza baada ya shokapu mpya nilikaa ndani ya gari dakika kadhaa nimezima injini nafurahi tu.

Mama yangu hakufurahi. Alipanda pale Tukuyu akasema, "Mwanangu, mbona nakaa chini kama kwenye kigoda?" Kuingia na kutoka kwa mtu mwenye magoti yanayouma kumekuwa kugumu kidogo, hilo nimelikubali, nampakia taratibu namshika mkono.

Mjini ni stori tofauti. Vijiwe vidogo na viraka vya lami unavisikia vyote, sio kuumia lakini unavisikia. Matuta napanda taratibu kwa tairi moja moja, kimshazari, na nikiwa na mtu mbele tu sigusi. Nikiwa na watu wanne na mkungu wa ndizi kwenye buti basi tuta refu la kijijini linagusa egzosi. Michepuko ya ujenzi wa njia nne niliipita kwa kutambaa, kuna siku bodaboda walinipita wote. Pale nyumbani ilibidi nijaze mawe na kokoto kwenye daraja la kuingilia geti maana bampa lilikuwa linakwaruza.

Kitu kimoja ambacho sikukitegemea ni barabara kuu yenyewe. Nilienda mpaka Iringa, zaidi ya kilomita 300, na sehemu za kupanda milima ambapo malori ya Zambia na Kongo yanajivuta taratibu lami imebonyea pale yanapokanyaga tairi, na katikati imevimba. Gari ya juu haijui. Ya chini tairi zikiingia kwenye ile mifereji basi uvimbe wa katikati unakuja moja kwa moja chini ya injini. Nilisikia sauti ya kukwaruza mara moja, tangu hapo sehemu hizo natembea tairi moja juu ya uvimbe na nyingine pembeni. Chini kabisa kwangu ni egzosi, ipo sentimita 12 na nusu toka ardhini. Japani sheria yao inataka angalau sentimita 9, lakini ile ni lami ya Japani. Kwa barabara zetu za huku juu mimi naona hii yangu ndo mwisho, wanaotaka sentimita tano au sita wataacha sampu (bakuli la oili chini ya injini) njiani, na nasema hivyo nikiwa napenda sana gari ikae chini.

Jumla imenitoka kama 1,100,000 na kitu, bushi ndani yake. Ingekuwa pungufu ya hapo kama fundi wa kwanza angejua kazi.

Jumamosi iliyopita nilienda kuzungusha tairi, za mbele nyuma, kilomita 11,000 toka alaimenti. Kijana wa pale akapitisha kidole ndani na nje ya kila tairi akaniambia za mbele zinalingana, za nyuma ndani zimeliwa milimita moja zaidi ya nje. Bushi nilizikagua hapohapo ikiwa juu, nzima zote.