Pete za Warne Maxima juu ya CZ 550: tathmini baada ya msimu mmoja wa uwindaji

Wamiliki wengi wa bunduki za kuwindia ninaowafahamu hapa Dar es Salaam hutumia miezi mizima kuchagua darubini, wakilinganisha ukuzaji wake, ung'avu wa lenzi na dhamana ya mtengenezaji, kisha siku ya kuifunga huchukua pete zozote, yaani vifungo vya kuishikilia darubini juu ya bunduki, walizozikuta kabatini dukani. Nami nilifanya hivyo. Bunduki yangu ni CZ 550 ya .375 H&H, na pete nilizofungiwa mara ya kwanza, katika karakana moja ya mjini ambayo sitaitaja, zilikuwa za kubana reli (ukingo wa juu ya bunduki unaoshikwa na pete) ya aina nyingine. Fundi alizipiga tupa hadi meno yake yakaingia, akakaza kwa nguvu za mkono, akanikabidhi bunduki akinihakikishia kwamba haitatikisika hata siku moja.

Ilitikisika huko Liwale. Nilimlenga kongoni begani kwa umbali wa mita zipatazo 120, nikiwa nimeegemea mti na pumzi imetulia, lakini risasi ikampata tumboni, na tulimfuata kwa saa tano kabla ya kummaliza. Mnyama hastahili mateso ya namna hiyo. Jioni, kambini, niliwasha tochi nikaikagua darubini na kukuta mkwaruzo mweupe juu ya rangi yake nyeusi, mbele ya pete ya mbele, wenye urefu wa milimita nne hivi. Darubini ilikuwa imeteleza kwenda mbele, na pete yenyewe ilikuwa imekaa upande.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Risasi ya .375 H&H yenye uzito wa gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 760 kwa sekunde, na bunduki hujibu kwa teke kali la kurudi nyuma. Darubini, kwa uzito wake, hutaka kubaki pale ilipokuwa, kwa hiyo kila mlio unapotoka pete ndizo zinazoivuta kwa nguvu ifuatane na bunduki. Pete zisipoishika sawasawa, darubini huchelewa kidogo kila mara, yaani husogea kuelekea mtutuni. Tena kosa dogo sana hapo huwa kubwa mbele ya safari: ikiwa pete mbili zimeachana kwa milimita 120, na moja ikahama upande kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, ambayo ni kama unene wa unywele, shabaha huhama kwa zaidi ya sentimita nane kwenye mita 100.

Ndipo nilipoamua kununua pete za Warne Maxima zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya CZ 550. CZ waliichonga reli yake yenye upana wa milimita 19 katika chuma kilekile cha mwili wa bunduki. Hilo ni jambo jema, kwa sababu hakuna kipande cha msingi kinachofungwa kwa skrubu ndogo ambazo zinaweza kulegea. Lakini ni lazima pete ziwe za reli hiyo hasa, si za reli za aina nyingine, kama Weaver au Picatinny, zilizopigwa tupa. Warne ni kampuni ya Marekani, na pete hizi ni za chuma wala si za aluminiamu. Nilichukua zenye kipenyo cha inchi moja, yaani milimita 25.4, kwa kuwa ndicho kipenyo cha bomba la darubini yangu. Mwenye bomba la milimita 30 anunue za milimita 30, wala asikubali kuuziwa vipande vya kujazia nafasi.

Urefu wa pete ulinisumbua kuliko kitu kingine. Kanuni ninayoifuata ni kuiweka darubini chini kadiri inavyowezekana, ili shavu likae juu ya kitako cha bunduki na jicho lijikute lenyewe katikati ya lenzi, bila kuinua shingo kama mtu anayechungulia ukutani. Hata hivyo mambo mawili huweka mpaka: kengele ya mbele ya darubini, yaani ncha yake iliyopanuka, isiguse mtutu, na mkono wa bolti, yaani komeo la kuingizia risasi, upite chini ya kengele ya nyuma bila kuikwaruza. Kwa darubini yangu yenye lenzi ya milimita 40, pete za urefu wa kati zilitosha, na karatasi iliyokunjwa mara mbili ilipita kati ya kengele na mtutu bila kukwama. Bolti nilijaribu kuifungua na kuifunga mara nyingi, kwa haraka na kwa taratibu, kabla ya kukaza chochote.

Kazi ya kufunga niliifanya pamoja na fundi mwingine, mzee mwenye leseni na mkono mtulivu, ambaye jambo lake la kwanza lilikuwa kuniomba kibali changu cha umiliki, akakisoma hadi mwisho, kisha akakagua chemba na magazini kuthibitisha kwamba hakuna risasi. Yeyote asiyefanya hivyo usimwachie bunduki yako. Alifuta mafuta yote kwenye reli, kwenye skrubu na ndani ya pete kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, kwa sababu mafuta yakibaki humo darubini hupata njia ya kuteleza.

Pete za Maxima zimegawanyika kwa wima, upande wa kushoto na wa kulia, tofauti na zile za kawaida ambazo kofia yake hufunguka juu. Kwa hiyo huwezi kuilaza darubini juu ya nusu ya chini ukaendelea na shughuli nyingine. Mmoja hushika darubini na mwingine hufumbata nusu mbili kuizunguka. Fundi alikaza skrubu robo mzunguko mmoja mmoja, akienda huku na huku kama mtu anayefunga boli za gurudumu, maana ukikaza upande mmoja mno, bomba hujizungusha na alama ya msalaba ya kulengea iliyo ndani ya darubini huinama.

Kunyoosha msalaba huo kulinifurahisha kwa sababu hakukuhitaji kifaa chochote cha kigeni. Mzee aliibana bunduki kwenye jiliwa lililofunikwa ngozi, akaweka pimamaji ndogo juu ya reli hadi tone likasimama katikati, kisha akatundika timazi ya waashi kwenye tawi la mwembe mwisho wa ua. Nilichungulia kwenye darubini, nikauona uzi wa timazi ukiwa mweupe na umetulia, nikaizungusha darubini polepole mpaka mstari wa wima wa msalaba ukaufunika uzi wote kuanzia juu hadi chini. Baada ya hapo tulipima umbali wa jicho. Kwa bunduki yenye teke kama hili hatukukubali chini ya sentimita tisa kutoka kwenye nyusi hadi kwenye lenzi ya nyuma, na tulipima nikiwa nimesimama, nimeketi na nimelala kifudifudi, kwa kuwa mtu akilala jicho husogea mbele. Wapo wawindaji wenye kovu la umbo la mwezi mchanga juu ya nyusi, nao wanajua ninachosema.

Hatua ya mwisho ilikuwa kukaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kila aina ya pete ina kiwango chake, na aliyezoea kiwango cha pete nyingine asikihamishie hapa kwa mazoea. Mkono wa binadamu haupimi: ukilegeza, darubini huteleza, ukizidisha, bomba hubonyea na vioo vya ndani hukwama.

Nilichagua aina yenye mikono midogo ya kufungulia, ili darubini iweze kuondolewa bila bisibisi. Nyati aliyejeruhiwa akiingia kwenye kichaka kizito, ukuzaji haukusaidii tena. Unahitaji alama za chuma za kulengea zilizo kwenye bunduki yenyewe na macho mawili yaliyofunguka. Swali lilikuwa kama darubini ikirudishwa, shabaha nayo itarudi. Uwanjani, kwenye mita 100, nilipiga risasi tatu, nikaiondoa darubini, nikairudisha na kupiga tena, nikarudia hivyo mara tano. Makundi yote matano yaliingia ndani ya duara la sentimita sita, nami kwa bunduki hii na bega langu siwezi kudai zaidi. Sharti ni kwamba kila pete irudi mahali pake palepale pa awali na mikono ikazwe kwa nguvu ileile, na kwa ajili hiyo nilichora alama ndogo pembeni ya reli.

Asiyewinda wanyama wa hatari hana haja ya mikono hiyo. Achukue aina ya kudumu, ambayo ni nyepesi na haina kitu cha kunasa kwenye mkanda au kwenye miiba. Kampuni ya Talley nayo ina pete nzuri za chuma zenye mikono, na mfumo wa kawaida wa kampuni ya Leupold, ambao pete yake ya nyuma hubanwa na skrubu mbili za pembeni, humwezesha mtu kurekebisha upande bila kumaliza mizunguko ya vitufe vya kurekebishia shabaha kwenye darubini; kwa teke la .375, hata hivyo, mimi napendelea reli iliyo sehemu ya bunduki yenyewe.

Jambo linalotaka uangalizi ni kutu. Chuma hubaki chuma, na hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma. Anayeishi Kigamboni au Msasani afute pete kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila wiki, hata kama bunduki haijatoka kabatini, hasa kwenye mashimo ya skrubu ambako unyevu hujificha.

Kabla ya kuondoka nilipaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe ya kucha kutoka kwenye kichwa cha kila skrubu hadi kwenye mwili wa pete, ili skrubu ikigeuka hata kidogo mstari ukatike. Barabara ya vumbi kutoka Nangurukuru hadi Liwale iliitikisa bunduki kutwa nzima, tukaenda na kurudi mara mbili katika msimu mmoja, na risasi 43 zikapigwa. Nimeikagua tena juzi kwa tochi. Mistari yote bado imenyooka.