Hustai, Mongolia: ukienda kuona farasi mwitu, lala hukohuko

Wakuu, kama una safari ya Ulaanbaatar usiondoke bila kufika Hustai, ni mbuga iko kama kilomita 100 magharibi mwa mji, nimetoka huko juzi na moyo bado umejaa. Ila msichukue safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo kama nilivyoanza mimi. Kampuni niliyolipa ilitufikisha saa sita mchana, jua linawaka, tukaonyeshwa vidoa vya kahawia juu kabisa mlimani, basi, tukageuza gari. Iliniuma sana.

Wiki iliyofuata nikarudi nikalala kwenye ger, lile hema la duara la Wamongolia, hapohapo kambi ya mbuga. Aisee! Mchana farasi wanapanda milimani kukimbia joto na nzi, jioni ndo wanashuka kunywa maji, na kiangazi kule jua linazama kama saa tatu usiku kwa hiyo muda wa kuwaangalia upo mwingi. Likashuka kundi moja, dume, majike kama sita na vitoto viwili, rangi ya mchanga, tumbo jeupe, miguu myeusi na nywele za shingo zimesimama wima kama za punda milia wetu. Wenyeji wanawaita takhi. Muongozaji wa mbuga alitusimamisha mbali, hakuna kusogea wala kupiga kelele, na nilimheshimu sana kwa hilo.

Maana hawa porini waliisha kabisa jamani, wa mwisho walionekana jangwa la Gobi miaka ya mwisho ya 60, na wote walioko leo wametokana na farasi mwitu kama 12 tu waliozalishwa kwenye zuu. Mwaka 1992 wa kwanza wakaletwa Hustai kwa ndege toka Ulaya, sasa mbuga hii peke yake ina zaidi ya 300. Mbwa mwitu wa kule (wolf) wanakula vitoto, hiyo ni asili, kinachotia hofu zaidi ni farasi wa wafugaji jirani, takhi ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 66 na wa kufugwa 64 lakini wanazaana vizuri tu, mbegu ikichanganyika ndo basi tena.

Msosi ni nyama ya kondoo na chai ya maziwa yenye chumvi, nilizoea haraka. Beba darubini na jaketi zito hata kama ni mwezi wa saba, na alfajiri amkeni saa kumi na moja, wanakuwa bado wako chini kwenye majani. Nyota 5.