Pedersen .276: bunduki iliyonyimwa jeshi

Nilikuwa nikiisubiri kwa hamu kubwa bunduki hii, iliyobuniwa na John Pedersen na kujaribiwa na jeshi la Marekani, na sasa nimeipiga, kwenye uwanja wa shabaha Arizona. Mwenye nayo ni mkusanyaji wa silaha za kale. Anakodisha kwa risasi chache, kwa sababu risasi zenyewe haziuzwi madukani tena.

Ni nyepesi begani kuliko nilivyotarajia. Risasi yake ni ya milimita 7, ndogo kuliko ile ya .30 (inchi 0.30) ya jeshi la Marekani, na hilo unalihisi mara moja: haikupigi teke, unarudi kwenye shabaha haraka. Unapakia kibanio cha risasi 10 kwa mkupuo mmoja.

Kinachovutia zaidi ni kiungo cha juu, kinachojikunja kama goti kila unapofyatua na kutupa ganda nje. Kinaruka karibu na uso, na mara za kwanza nilipepesa macho. Pedersen alikiunda kichelewe kufunguka, lakini ganda huanza kuchomoka likiwa bado na shinikizo, ndipo akapaka maganda nta ngumu yachomoke bila kukwama. Nta ile ni kavu, haichafui vidole, lakini wakaguzi wa jeshi hawakuipenda, na nawaelewa: askari vitani hapaswi kutegemea nta.

Mwaka 1932 Jenerali MacArthur, mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Marekani, alikataa kubadili kipimo cha risasi, kwa kuwa maghala yalijaa za .30. Garand, bunduki iliyoshindana nayo, ikabadilishwa itumie .30, ikapita; Pedersen ikaachwa.

Bei ni kali. Anayependa ufundi wa bunduki alipe tu, aombe pia kuoneshwa ikifunguliwa.