Ovaloki ni nzuri, ila "delivari bure Dar nzima" imenitoa elfu 20

Naanza na mashine yenyewe maana ndio nilichonunua na sitaki kumuonea mtu. Ni ovaloki, yaani ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanuke, ndogo ya mezani, ya nyuzi 4, nimeichukua kwa 480,000 kwenye duka la mtandaoni ambalo stoo yake iko Kariakoo. Hii ni wiki ya tatu naitumia kwenye mapazia na mashuka, uzi haukatiki hovyo, ukingo unatoka umebana vizuri hata kwenye kitambaa kizito, na ndani ya boksi nilikuta sindano za akiba, kibano cha kutungia uzi, brashi na pedeli. Kama unashonea nyumbani na huna nafasi ya ile mashine kubwa yenye meza yake basi hii inafaa, chukua. Ila usichukue kwao mpaka wakuandikie bei ya usafiri kabla hujatuma hata shilingi moja.

Tangazo lao lina maandishi makubwa mekundu, DELIVARI BURE DAR NZIMA, na chini yake MIKOANI TUNATUMA. Bei haijaandikwa, ikabidi niende inbox kama kawaida, nikauliza bei nikaambiwa 480,000, nikauliza tena na Kibada mnaleta? Yule dada akajibu "tunaleta dia popote ulipo". Mimi nikajua hiyo bure na mimi imo, kwani Kibada, huku Kigamboni ninakokaa, sio Dar? Nikatuma hela asubuhi ileile, na nikaambiwa niweke na ya kutolea, nikaweka sikubisha.

Haikuisha nusu saa meseji ikaingia, "boss wangu kumbe uko Kigamboni, huko nje ya mji ongeza 15". Nikamwambia dada yangu si nimekuuliza kabla sijalipa, akasema bure ni maeneo ambayo boda wao wanafika kila siku. Nikaomba aniandikie ni maeneo gani hayo, hakuniandikia. Nikamuuliza Tegeta je? Akasema Tegeta bure. Sasa jamani, kutoka Kariakoo mpaka Tegeta unapita Morocco, Mwenge, Lugalo, Mbezi Beach, Kunduchi, hapo ni zaidi ya kilometa 20, wakati mimi ukishavuka daraja la Nyerere pale Kurasini ukaingia Vijibweni umeshanifikia. Hilo daraja limefunguliwa tangu 2016 na Kigamboni ni wilaya kamili ya mkoa wa Dar es Salaam kama ilivyo Ilala, Temeke, Kinondoni na Ubungo, lakini kwa wauza mtandaoni bado sisi ni watu wa ng'ambo. Na hatuko peke yetu, waulizeni watu wa Chanika, Mbande, Kibamba na Bunju watawaambia.

Nikasema basi nirudishieni hela yangu nitakuja Kariakoo mwenyewe. Jibu likawa hela ikishaingia hairudi, labda nichague bidhaa nyingine. Nikaongeza ile 15,000. Jioni wakati mzigo unatoka wakasema tena ni mzigo mzito niongeze 5,000, nikaongeza kwasababu nilikuwa na oda ya mapazia ya watu ya kumaliza jumamosi na saa zinaenda. Hiyo mashine na boksi lake ni kama kilo 8, haifiki uzito wa ndoo ya maji ya lita 10, watoto wa shule wanabeba kichwani.

Kijana wa boda alifika saa 3 usiku, boksi kalifunga nyuma na mipira ya tairi la baiskeli akalivika na rambo mbili kwasababu njiani kulinyesha, yeye mwenyewe kalowa mpaka soksi. Mashine kavu kabisa. Nikamkaribisha barazani nikampa chai, nikamuuliza mwanangu kwani ofisi wanakulipa ngapi kwa safari ya huku, akasema "mama mimi hapa napewa elfu nane, mafuta yangu, na darajani nalipa mwenyewe". Nikarudia kumuuliza nikidhani sijasikia vizuri. Elfu nane. Mimi nimetoa elfu 20 kwa ajili ya usafiri, aliyesafiri kapata nane na humo humo atoe mafuta na daraja la kuja na kurudi. Hizo 12,000 zilizobaki zimelipia usafiri gani?

Hapo ndio nilipoumia, na naomba nieleweke, kulipa usafiri sikatai hata kidogo. Mimi mwenyewe nauza mapazia mtandaoni mwaka wa nne huu na najua mzigo hautembei kwa miguu. Boda anayetoka Kariakoo kwenda Sinza anabeba mizigo minne mitano ya njia moja, mafuta yanagawanyika, hata ukimlipa elfu 3 kwa kila mzigo anapata. Akija Kibada anakuja na mzigo mmoja, kuna daraja la kulipia au akae foleni ya pantoni pale Magogoni, na kurudi anarudi mtupu. Lazima bei iwe juu kidogo na mtu mwelewa atalipa. Ila niambie kabla, tena niambie ile inayoenda kwenye safari kweli.

Na hiyo bure yenyewe sio bure. Wiki iliyofuata nilienda Kariakoo kutafuta nyuzi nikaikuta mashine ileile, jina lile, rangi ile, duka lenye bei ya chini kabisa linauza 455,000. Maana yake ile 25,000 ya juu ndio usafiri wao wa "bure", wa Sinza anaulipa bila kujua, na mimi nimeulipa mara mbili, kwenye bei na kwenye nyongeza.

Mikoani ndio balaa zaidi kwasababu neno "tunatuma" halisemi kitu. Mimi mizigo yangu mingi naipeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, naenda ofisi ya basi, yule wa mizigo anautazama tu kwa macho, anaunyanyua kidogo, anataja bei. Hakuna mzani wala kipimo, mfuko uleule jumatatu elfu 7 na alhamisi elfu 10, inategemea buti limejaa kiasi gani na wewe unajua kuongea vipi. Makampuni ya vifurushi yanayotumia ndege ndio yana hesabu, na hiyo hesabu wauzaji wengi hawaijui wanakuja kuumia. Wanapima boksi urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5,000, jibu linakuwa kilo, halafu wanalinganisha na kilo za mzani wanakutoza ile kubwa. Mimi duveti langu la kwanza la Mwanza lilikuwa kilo 4 kwenye mzani, nikaliweka kwenye boksi la 60 kwa 40 kwa 40, piga hesabu hapo ni 96,000 gawa kwa 5,000 inakuja kilo 19.2. Nikalipia kilo 19 na ushee kwa duveti la kilo 4, na mteja nilishamtajia bei kwahiyo iliyozidi niliitoa mfukoni kwangu. Saivi nayaweka kwenye ile mifuko ya kunyonya hewa, duveti lilelile linaingia boksi la 40 kwa 30 kwa 20, inakuja kilo 4.8.

Halafu kuna kipande cha mwisho ambacho hakuna anayekitaja. Mteja wa Mbinga ukimwambia usafiri elfu 10, hiyo ni mpaka Songea, kutoka Songea kuna gari nyingine. Wa Ukerewe mzigo unafika Mwanza kisha unapanda kivuko kwenda Nansio, wa Mafia mpaka ufike Nyamisati upande chombo uvuke Kilindoni. Nilishawahi kumtajia dada mmoja wa Mbinga bei ya Songea nikidhani nimemaliza, mzigo ukakaa stendi siku tatu anapigiwa simu aje aufuate, na mtu ana mtoto mchanga. Ile gari ya pili nilimlipia mimi na nikamuomba radhi, kosa lilikuwa langu, nilikuwa natakiwa kumuuliza "mzigo unaushukia wapi" na sio "uko mkoa gani". Tangu siku ile ndio swali langu la kwanza kwa kila mteja.

Kwahiyo nikisema hawa jamaa wangeweza kuandika bei mapema sisemi kwa kukisia. EWURA, ile mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, kila jumatano ya kwanza ya mwezi wanatoa bei kikomo za mafuta, mkoa kwa mkoa mpaka wilaya, mtu wa Kagera na Kigoma anaona kabisa lita kwake iko juu kuliko Dar kwasababu ya umbali, inamuuma lakini anaijua kabla hajafika kituoni. Agosti 2022 petroli ilifika 3,410 hapa Dar na wa mikoani wakalipa zaidi ya hapo, ila hakuna aliyejaziwa tenki ndio akaambiwa kumbe wewe unatokea mbali ongeza. Duka lenye bidhaa 50 na maeneo 20 ya Dar linashindwaje kuandika karatasi moja, Kariakoo mpaka Mbagala kiasi fulani, mpaka Kibada kiasi fulani, mpaka Bunju kiasi fulani, likaipiga picha likaibandika pale juu?

Mimi yangu nimeiandika, ina mistari 14. Mwanzoni niliogopa wateja watakimbia wakiona Kibada mpaka Bunju ni hela ndefu, maana kwangu kinyume chake, mimi niko ng'ambo na wao ndio wako mjini. Wachache waliondoka kweli. Waliobaki hawabishani, anasoma, anajumlisha na pazia, anatuma hela yote mara moja, na zile meseji za "mbona hukusema" zimekwisha.

Nilirudi kuwalalamikia wale wa ovaloki, kwa adabu, nikawatumia picha ya tangazo lao na picha ya meseji ya "popote ulipo". Nikawaambia pia tangazo la namna hiyo linapotosha, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, Tume ya Ushindani ina ofisi hapa hapa Dar inapokea malalamiko. Baada ya siku mbili wakanirudishia ile 5,000 ya mzigo mzito, ile 15,000 wakakataa. Tangazo nimelicheki jana, bado linasema Dar nzima.

Mashine naipa nyota 4 kati ya 5, ya tano nimeizuia kwasababu kijitabu chake hakina Kiswahili na picha za kutunga uzi ni ndogo mno, ilibidi nimuite fundi wa jirani anielekeze ule uzi wa chini. Mapokezi ya yule dada wa inbox, kujibu alikuwa anajibu haraka, nyota 2. Usafiri kwa upande wa ofisi sitoi hata moja.

Kwa upande wa yule kijana ni 5 zote. Alipomaliza chai aliniomba nijaribu mashine kabla hajaondoka ili kama ina tatizo arudi nayo, hakuna aliyemtuma kufanya vile. Nikaomba namba yake. Saivi ndio anayenipelekea mizigo yangu kutoka Kibada mpaka stendi ya Mbezi Luis, tumekubaliana 15,000 kwa safari, daraja juu yangu, hata nikiwa na mifuko mitatu bei ni hiyohiyo na kila mteja namwandikia sehemu yake ni ngapi. Kesho anakuja saa 12 asubuhi, kuna mapazia ya Njombe na mashuka ya Sumbawanga yanatakiwa kuwahi basi.