Mifuko ya "mchanga" ya maganda ya mpunga: uzoefu wangu baada ya maonesho mawili

Nianze na hela iliyopotea. Mwaka juzi niliagiza mtandaoni mifuko sita ya mapambo, ya kuigiza ile ya mchanga ya kujikinga risasi vitani, inayouzwa kwa ajili ya majukwaa na picha. Muuzaji aliisifu kwamba haina tofauti na ya jeshini, na kwenye picha kweli ilivutia. Boksi lilipofika nikalifungua nikabaki nacheka peke yangu. Mito! Kitambaa cha kaki, ndani pamba ya makochi, pembe zimesimama kama masikio ya sungura. Ukipanga mmoja juu ya mwingine, wa juu unadunda. Tuliiweka kwenye onesho hivyo hivyo, upepo wa saa nane ukaja ukaisomba hadi kwenye bustani ya mkuu wa shule.

Nafundisha historia sekondari hapa Moshi. Kila mwaka wanafunzi wangu hutengeneza onesho la Vita vya Kwanza vya Dunia, na hatuendi mbali kutafuta habari. Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Wajerumani na askari wake Waafrika liliwarudisha nyuma Waafrika Kusini waliopigana upande wa Waingereza, ni kilima kilichoko Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Holili. Mwezi uliofuata yakaja mapigano ya vilima vya Latema na Reata, kisha Waingereza wakaingia Moshi yenyewe. Najua wapenzi wa historia watanisahihisha kwamba kwenye vilima vile watu walijikinga zaidi kwa kuta za mawe, na kuta nyingine zipo mpaka leo. Ni kweli. Ndiyo maana onesho letu ni kambi ya kando ya ile reli ya kijeshi waliyoijenga Waingereza kutoka Voi kuja upande wa Taveta.

Mchanga halisi tuliujaribu mapema. Mfuko mmoja ulikula kilo ishirini na ushee. Ukuta wetu unataka mifuko sitini, na jukwaa la shule ni la mbao. Piga hesabu mwenyewe.

Tukaanza kubahatisha. Chupa tupu za maji: mfuko unatoka na mifupa. Nguo kuukuu: tunarudi kwenye mito. Maranda ya seremala yalikaribia, ila hunyanyuka kama chemchemi, na baada ya siku mbili mfuko umevimba tena. Povu la kopo, lile la mafundi wa milango, linashika umbo vizuri sana, lakini bei yake kwa mifuko sitini ni mshahara, na likishakauka ni jiwe: ukilipanga pengine halikai.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, afande mstaafu. Nilimwamkia, nikamwonyesha mfuko wangu wa maranda uliojaa ukakaza. Akaukanyaga kidogo kwa kiatu, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, huu umeushindilia kama gunia la mkaa. Wa vita haujazwi ukajaa. Robo yake iache tupu, kisha uupige kwa kibao cha mbao mpaka ulale. Usipolala haushikani na mwenzake."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakikosea. Siku zote nilikuwa nahangaika na uzito, kumbe jicho la mtazamaji haliangalii uzito, linaangalia mlalo. Mchanga hutiririka, hujaza kona, hutanuka chini na kujibonyeza pale mfuko wa juu unapoukalia. Kwa hiyo kinachotakiwa ndani ni kitu chepesi, lakini cha punje punje, kinachomwagika.

Na punje nyepesi kwa mtu wa Moshi ni maganda ya mpunga. Shuka Chekereni kwenye mashine za kukoboa, utayakuta yamerundikwa vilima. Mimi nilipewa bure, nikalipa kijana wa kupakia na nauli ya Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mfuko uliojazwa haufiki kilo mbili. Sitini zote kwa pamoja hazifiki kilo mia na ishirini, na mtoto wa kidato cha kwanza anabeba mitatu kwa mpigo.

Kitambaa nacho tunacho mjini: magunia ya juti ya kahawa yaliyokwisha tumika. Mifuko ya Waingereza wa wakati ule ilikuwa ya juti vilevile, juti ya Bengal, na mfuko mtupu ulikuwa na urefu wa kama sentimita 84 kwa upana wa 35. Gunia la kahawa ukilipasua katikati kwa urefu unapata mifuko miwili yenye upana huo huo, unapunguza urefu kidogo tu. Angalia upande wenye maandishi ya kampuni, uugeuze ndani. Tafadhali usitumie salfeti za unga. Zinang'aa, na mwaka 1916 plastiki ile haikuwapo. Mgeni mmoja mwenye jicho kali akiiona tu, onesho lote limekwisha.

Ushonaji ulinitesa. Fundi wa mtaani alishona mitatu, sindano ya pili ikavunjika, akanirudishia mzigo: "Mwalimu, samahani, hii kazi itaniua cherehani." Tukamaliza kwa mkono, kwa shazia na uzi wa katani, jioni nne. Bahati ni kwamba mshono wa mkono uliopinda pinda ndio unaopendeza zaidi. Mdomo usiushone. Ukusanye, ufunge kwa kamba, masikio uyakunje chini.

Rangi: juti ya gunia ina umanjano wa dhahabu, inaonekana mpya hata ikiwa kuukuu. Nilikoroga udongo mwekundu na maji na gundi nyeupe ya mbao kidogo, nikapaka kwa fagio, nikaacha juani. Gundi isizidi. Mifuko yangu mitano ya kwanza ilikauka ikawa makoko.

Katika kupanga, safu moja inalala kwa urefu, ya juu yake inakingama, kama fundi mwashi anavyopanga matofali, viungo visipandane. Midomo na mishono inageuzwa ndani, upande wa askari. Wanafunzi wengi hupenda kuelekeza vifundo mbele kwa watazamaji kwa sababu vinapendeza. Wazuie. Kila mfuko ukishakaa mahali pake, upige kwa kibao. Safu ya chini kabisa mimi huweka mchanga halisi robo ya mfuko, maganda juu yake, na upepo wa Moshi haujanisumbua tena.

Mabaya yake nayo yapo. Vumbi la maganda linawasha koo na macho, vaeni barakoa na mjazie nje. Chekecheni kwanza, maana chenga za mchele zikibaki humo panya watakuja kula. Kwangu walitoboa mifuko minne stoo wakati wa likizo, nikawa nazungumza nao usiku kama mlinzi wa ghala. Mvua ni adui mkubwa zaidi: maganda yakilowa huoza na kunuka, kwa hiyo onesho la uwanjani masika usithubutu. Halafu juti na maganda makavu ni kuni tupu. Mwaka huu kijana mmoja alitaka kuweka kandili lenye moto halisi juu ya ukuta "ili ionekane usiku wa vita". Nilimpa tochi.

Gharama yangu yote, magunia, uzi, gundi na usafiri, haikufika nusu ya nilichotoa kwa ile mito sita. Maonesho mawili yamepita, imebaki hamsini na sita mizima. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja wameila panya.

Afande alikuja kwenye onesho la pili. Aliuzunguka ukuta kimya, akainama, akauinua mfuko mmoja wa juu akijiandaa kwa uzito, nusura aurushe mgongoni kwake. Aliurudisha pale pale, akatafuta kibao, akaupiga mara mbili.