TAHADHARI: "Dawa ya kutoa wino" inayotembezwa Makoroboi na Kamanga feri

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa wenye watoto wa shule na wanaoshinda na peni mfuko wa shati: kuna jamaa anatembeza dawa ya kutoa wino kwenye nguo. Ipo kwenye chupa ya maji ya nusu lita, haina lebo, anauza elfu tano. Msinunue. Kwa harufu yake na kwa inachofanya kwenye nguo, ni jiki iliyoongezwa maji, na onyesho lake ni kiinimacho.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Kirumba, ndiyo maana nimemshtukia. Jamaa ana mdomo mtamu, mama akipita tu anaitikiwa "mwangaluka mayu" hata kabla hajasalimia. Anatandaza kitambaa cheupe, anakichora na peni ya bluu, anadondoshea dawa, wino unapotea, watu wanachomoa hela. Peni ile naijua, ninayo mezani kwangu. Ni ya kuchorea alama kabla ya kukata kitambaa, na wino wake umetengenezwa ufutike kwa maji. Angechota maji ya ziwa hapo ferini yangefanya kazi ileile. Kitambaa nacho huwa cheupe kila siku, kwa hiyo jiki ikila rangi hakuna wa kuona. Mteja wangu mmoja alimpa peni yake aijaribie, akajibiwa hiyo ni feki, wino wake una kemikali. Hapo hapo akahamia kwa mteja mwingine.

Pale ferini anapapenda kwa sababu anayenunua anavuka. Ukigundua uko Sengerema, utamrudia saa ngapi?

Wino wa peni ya kawaida ni rangi iliyokorogwa kwenye kimiminika kizito cha mafutamafuta. Jiki haiyeyushi kitu hicho. Inakimbilia rangi ya nguo. Nimeletewa sketi ya shule ya bluu yenye baka la wekundu, na doa la wino limo katikati kama lilivyokuwa. Shati jeupe lenye nailoni limegeuka manjano. Kuna mama alipaka kwenye kava la kochi, baada ya kufua uzi ukaanza kukatika wenyewe. Wote wananiuliza kama rangi inarudishwa. Hairudi. Ni kiraka, au kuitia nguo nzima rangi nyingine.

Lakini nguo ni nguo. Kinachonifanya niandike ni maelekezo ya jamaa huyo: eti doa likiwa sugu, ongeza ndimu au siki. Jamani, jiki ikikutana na ndimu au siki inatoa gesi ya klorini. Mama mmoja wa Nyegezi alifuata maelekezo hayo bafuni, mlango umefungwa, akatoka anakohoa na macho yanamtiririka. Ikikutokea, toka nje kwenye hewa kwanza, doa baadaye. Na chupa ya maji ya kunywa yenye jiki ndani, nyumba yenye watoto! Mtoto akinywa usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali na chupa uibebe.

Wenye nguo zenye wino sasa hivi, nendeni duka la dawa mkanunue spiriti ile ya kusafishia vidonda. Haifiki hata bei ya chupa ya jamaa huyo. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, maana kuna rangi zinazochuja. Laza doa likitazama chini juu ya kitambaa safi cheupe, kisha gusagusa kwa nyuma na pamba yenye spiriti. Wino utahamia kitambaa cha chini. Kibadilishe kila kikilowa wino. Usisugue, unalitandaza. Likififia, fua kwa sabuni kama kawaida, na usipige pasi wala kutia maji ya moto kabla halijaisha, maana joto huligandisha. Makochi na mashuka ni hivyohivyo, ila kwenye kochi tumia spiriti kidogo isizame kwenye sponji. Fanyia mbali na jiko la mkaa, spiriti inashika moto haraka. Doa la zamani lililokwisha kupigwa pasi sikuahidi kitu, mengine hayatoki.

Wenye chupa za jamaa huyo msimwage ovyo wala kumpa jirani. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 ipo, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza. TBS, Shirika la Viwango, nao wapo. Pelekeni ikiwa kwenye chupa yake ileile. Kwa sasa nasikia kahamia upande wa Igoma, na dawa sasa inatoa "wino na kutu". Akikusimamisha, toa peni yako mwenyewe umwambie aanze na hiyo.